Picha za Dakika ya Sitini na Tatu

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wangekusalimu kama wangekuwa nyumbani, lakini mmoja yuko shule na mwingine yuko kwa jirani anaharibu baiskeli ya watu. Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu simu yako naipiga tangu mwezi uliopita, inaita mpaka inachoka yenyewe. Juzi niliipiga mara nne kabla ya kwenda kazini. Mara ya tano nikaona haya, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba na anajua fika wenyewe wamo ndani.

Mama magoti yamempunguzia usumbufu. Anakwenda dukani na kurudi, ila anachukua asubuhi nzima kwa sababu lazima asimame na kila mtu. Shemeji yako amepata kazi ya kutengeneza madawati ya shule, sebule yote ni vumbi la mbao, tukipiga chafya tunapiga pamoja. Mimi na mizani yangu ya malori tupo vilevile. Wiki iliyopita dereva mmoja alipandisha lori lake na tairi moja akaliacha nje ya bamba la mizani, akadhani sitaona. Nikamwambia arudi nyuma apande upya. Akasema, dada, hilo tairi huwa linapenda kubaki nje. Nilicheka, lakini lori nililipima lote.

Basi, ndugu yangu, gazeti tumeliona. Mlinzi wa geti alilileta kazini, na jina lako lilikuwa pembeni mwa picha kwa herufi ndogo. Nililikunja nikalitia mkobani. Unajua mama anavyokata picha zako na kuzibandika kwenye daftari lake, hii sikumpa. Aliniuliza kwa nini wiki hii hakuna kitu chako. Nikamwambia ulikuwa mapumzikoni.

Sikuulizi kitu. Niandikie tu kama unakula na kama unalala.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yangu, na shemeji pia, na wapwa zangu wape pole kwa kuwa na mjomba asiyeshika simu. Ninakula. Kulala ninalala vizuri, labda kupita kiasi. Jumapili nililala mpaka saa saba mchana, nikaamka nikakaa kitandani nikitazama viatu.

Kazi inaendelea. Mvua zimeanza, na mvua kwetu sisi tunaokaa kando ya uwanja ni habari nyingine. Kamera naivisha mfuko wa nailoni, natoboa tundu la lenzi, nafunga kwa mpira wa kubania nywele. Mifuko ya siku hizi inachanika upesi, kwa hiyo nakwenda na mitano. Tunafika saa mbili kabla ya mechi kuanza, tunapewa vizibao vya rangi ya machungwa vyenye namba mgongoni, maana bila kizibao mlinzi anakutoa hata kama jana mlikunywa chai pamoja. Wengi wanakimbilia nyuma ya goli kwa sababu mabao ndiko yanakoingia. Mimi nimezoea mstari wa pembeni, karibu na katikati, upande usio na mabenchi. Huku hakuna kocha wa kusimama mbele yako akakuzibia. Kigoda changu ni kilekile cha kukunja. Mapumziko yakifika natoa kadi kwenye kamera, naitia kwenye kompyuta, nachagua picha tano sita, natuma ofisini kabla wachezaji hawajarudi.

Jumamosi ilikuwa sare. Nilituma kumi na moja, wametumia tatu. Mhariri wa picha anasema kazi yangu ya mwezi huu ni safi kuliko ya mwaka mzima. Nikizitazama naona ni kweli. Zinaonekana kama za mtu mwingine anayejua kazi yake.

Yule mchezaji, beki wa kushoto, alifariki, kama mlivyosoma. Mengine ni kama kawaida.

Mama usimpe lile gazeti.

Mdogo wako


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nimezigawa kwa wote na hakuna aliyekosa. Mama anataka kujua kama umenenepa. Nikamwambia barua haipandi kwenye mizani. Mpwa wako mkubwa amepasi hisabati, tukafurahi, kisha akaniambia amefeli nyingine zote, tukarudi tulipokuwa.

Nimesoma barua yako. Sasa najua namna ya kutoboa tundu kwenye mfuko wa nailoni, nikipata kamera nitakuwa mtaalamu. Na kuhusu mtu aliyekufa mbele yako umeniandikia mstari mmoja, kama mtu anayeripoti kalamu iliyopotea. Mimi nilikulea mwaka mzima mama alipokuwa kitandani, nakujua. Ulikuwa ukishikwa na homa hulii wala husemi. Unainuka unapanga viatu vya nyumba nzima, jozi kwa jozi, mpaka tunakukuta umelala sakafuni kando yake.

Nilisema sikuulizi. Sasa nauliza. Ilikuwaje?

Kazini nimeomba ruhusa siku mbili tatu nikapimwe hospitali. Leo mpimaji naye anapanda kwenye bamba. Si jambo la kuandikia. Wewe jibu.

Dada yako


Tarehe 26 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole na mambo ya hospitali, ingawa hukusema unapimwa nini. Mpe mama salamu, mwambie sijanenepa. Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili zilikuwa za hali ya hewa.

Ilikuwa dakika ya sitini na tatu. Najua kwa sababu kila picha inajiandika saa yake. Jua lilikuwa limeinama, linapiga moja kwa moja upande wangu. Mpira ulitoka nje mbele yangu, hatua nne tano kutoka kwenye kigoda. Akaja yule beki wa kushoto kuurusha. Uwanja mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu hakuwa mtu wa haraka hata timu yake ikiwa imefungwa. Akaufuta mpira kwa fulana, akauinua juu ya kichwa. Kisha akaushusha. Akatazama majani kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, akapiga magoti, akalala ubavu. Hakuna aliyemgusa. Mpira ukaviringika ukanifikia, nami nikausukuma kwa mguu kwa sababu ulikuwa unaingia kwenye picha.

Kidole hakikutoka kwenye kitufe. Mabenchi yako upande wa pili, kwa hiyo daktari alikuwa na uwanja wote wa kukimbia akiwa na mkoba wake. Wachezaji wenzake walidhani amejikwaa. Kwa saa ya picha, ni sekunde tisa kabla mtu wa kwanza hajamfikia. Kwa sekunde tisa tulikuwa mimi na yeye.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Alikuwa karibu mno kwa lenzi ndefu, uso haukai ndani. Basi niliichomoa, nikailaza kwenye majani, nikavisha lenzi fupi. Watu wakiniuliza nasema yote yalitokea haraka. Hayakutokea haraka, dada. Nilipata muda wa kubadilisha lenzi.

Baadaye wachezaji wa timu zote mbili walishikana mabega wakafanya duara, migongo kwake na nyuso nje, ili watu wa jukwaani na kamera zisimwone. Mimi nilikuwa ndani ya duara. Nilikuwapo kabla halijafungwa. Nahodha wa ile timu nyingine akageuka akaniona. Akasema kwa upole, "Kaka, inatosha." Nikampiga picha na yeye.

Picha zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Walipomtoa kwa machela nilikaa kwenye kigoda, nikafungua kompyuta, nikachagua saba, nikatuma. Kuna mwenzetu mmoja mtu mzima, tunamwita Kona kwa sababu miaka yote anakaa pale kwenye kibendera cha kona. Alikuwa ameshavua kizibao chake na kuweka kamera chini. Alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama kioo, akaondoka. Hajanisemesha mpaka leo, na zamani tulikuwa tunagawana mkate.

Taratibu alifariki jioni ileile. Wamesema ni moyo. Picha yangu ikatoka ukurasa wa mbele. Wapo walionitukana, wapo waliopongeza, na ofisi inataka kuipeleka kwenye mashindano. Yote nayasikia kama redio ya nyumba ya pili.

Ndiyo maana sishiki simu. Sina cha kuwaambia watu. Sioti ndoto mbaya wala silii. Jumamosi nakwenda uwanjani, navaa kizibao, nakaa palepale, nafanya kazi. Nimejaribu kujihurumia, halafu kumhurumia yeye. Ni kama kukanyaga mguu uliokufa ganzi: unaona umekanyaga, husikii.

Mdogo wako


Tarehe 24 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwandiko ni wangu mimi mpwa wako, lakini maneno ni ya mama, ananitajia naandika. Anasema hivi: Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili. Ahsante kwa kuniambia. Nimeshtua mkono wa kulia, si kitu kikubwa, nitakuandikia mwenyewe mkono ukipona. Bibi hajambo, yaani mama yetu. Kula.

Anasema ni hayo tu. Mimi nakusalimu sana.


Tarehe 9 Juni

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Mwambie huyo karani wako kwamba mwandiko wake ni mzuri kuliko matokeo yake. Mkono umeushtuaje? Na vipimo vya Aprili vilisemaje? Hukujibu.

Ligi imekwisha. Sasa ofisi inanituma kupiga picha za mikutano, watu walioketi nyuma ya chupa za maji. Hainisumbui.

Kuna jambo limetokea, na sijalifanya vizuri. Mjane wa Taratibu alikuja ofisini. Alianza kwa kumwandikia mhariri, mhariri akamjibu kwamba picha zinazopatikana ni zile zilizochapishwa. Basi akaja mwenyewe. Ni mwanamke mwembamba, mwalimu wa watoto wadogo, anaongea kama anayesubiri darasa zima linyamaze. Niliitwa mapokezi. Alisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, nikajibu salama, kama vile tumekutana sokoni.

Alisema hakuja kugombana. Amesimuliwa habari tano tofauti. Mmoja amemwambia mume wake alikufa palepale kwenye majani, mwingine kwamba alimwita kwa jina, mwingine kwamba aliachwa peke yake kwa muda mrefu. Kila mtu anamsimulia kile anachodhani kitampa nafuu. Amesikia nilikuwa na picha zote, tangu mwanzo mpaka machela, na anataka kuziona kwa mpangilio, basi.

Nikamwambia nimezifuta.

Sijui kwa nini. Ziko kwenye droo yangu, kadi ileile, ndani ya bahasha. Hakubishana. Alinishukuru kwa muda wangu, akaniambia akija mtu mwingine akitaka kuniuliza, nisimwambie kwamba alikuja. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nikarudi mezani nikamalizia maelezo ya picha za mkutano.

Mdogo wako


Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Huu sasa ni mwandiko wangu, na kama unayumba uvumilie. Mama mzima. Watoto wazima. Madawati yameisha, sebule imerudi kuwa sebule.

Sikushtua mkono. Tarehe nane Mei walinikata titi la kulia. Uvimbe waliuona kwenye kile kipimo nilichokuandikia kwa mzaha. Wanasema tumewahi. Kila baada ya wiki tatu nakwenda kutiwa dawa, inanitapisha siku mbili, siku ya tatu nadai chakula. Nywele nilizinyoa mwenyewe kabla hazijaniaga. Mkono ndio unaorudi polepole, kwa sababu walikata mpaka kwapani.

Niliwakataza wote wasikuambie. Wewe ulikuwa umeshabeba mtu mmoja. Na nilikuogopa pia, nisikufiche. Niliogopa utakuja ukae kando ya kitanda changu upange viatu.

Shemeji yako ni mtu mwema, nikisema vinginevyo nitakuwa mwongo. Anafua, anapika, ananipeleka hospitali, anagombana na foleni kwa niaba yangu. Lakini wakati wa kubadilisha bandeji anatazama ukutani. Mikono iko kwangu, macho yapo kwenye kalenda ya ukutani. Siku moja nilimwambia, "Nitazame." Akasema, "Nitakuumiza." Sikumwambia tena. Nesi anatazama, lakini yeye anatazama kidonda. Watu wakija kunipa pole wanaongea na mto wangu. Mimi mwenyewe najiangalia kwenye kioo cha kunyolea, nusu nusu, kwa sababu hakitoshi.

Nilikuwa katika hali hiyo nilipoisoma barua yako kuhusu yule mjane. Nikaiweka, nikaichukua tena. Sikusifu kwa kubadilisha lenzi. Huenda lilikuwa kosa. Mimi si hakimu, ninapima malori. Lakini uwanja mzima ulikuwa umejaa watu na wote waligeuza nyuso, hata wale wa duara, tena kwa heshima. Wewe hukugeuza. Kwa hiyo yule mama hana mwingine wa kumuuliza. Wote wanamwonea huruma na wote wanatazama ukutani.

Mtafute. Mwambie ulimdanganya. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Mwonyeshe zote, kwa mpangilio, na ukae naye mpaka ya mwisho.

Kuhusu mimi usianze kuuliza maswali ya kitabibu. Sina majibu zaidi ya hayo.

Dada yako


Tarehe 23 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, watu wanapanda na kushuka. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Nilitaka kulia. Nilingoja kabisa, nikiwa nimejiandaa, na hakikuja kitu. Naona ni bora nikuambie hivyo kuliko nikuandikie maneno ya kadi za pole. Nimeomba likizo. Nitafika wiki ya mwisho ya Agosti, na viatu vyenu sitavigusa.

Mjane nilimpata shuleni kwake. Nilimsubiri nje ya darasa mpaka kengele ikalia. Alipotoka alikuwa na chaki viganjani. Nilimwambia nilidanganya, picha ninazo. Akasema, "Nilijua. Ulijibu haraka mno." Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa ameshamaliza.

Alikuja ofisini Jumatano asubuhi, wenzangu wote wakiwa nje kazini. Nilimwekea kiti mbele ya kioo, nikamwonyesha kitufe cha kusogeza picha, akaomba akibonyeze mwenyewe. Tulikaa saa moja na nusu. Aliuliza saa ya kila picha, kisha akaacha kuuliza kwa sababu aliona imeandikwa chini. Kwenye ile ya kuufuta mpira alikaa muda mrefu. Kwenye ile iliyotoka gazetini hakukaa; alisema ameshaizoea. Kuna sehemu wakati unaruka, sekunde nne bila picha, akaniuliza hapo palitokea nini. Nikamwambia hapo nilikuwa nabadilisha lenzi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Alipofika ya themanini na kitu akasimama. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Alikuwa mshika kibendera wa upande wetu, yule mwamuzi msaidizi wa pembeni. Amepiga magoti karibu na kichwa cha Taratibu, na kile kitambaa cha kibendera amekishika kwa mikono miwili, amekitandaza juu ya uso wake, kumkinga jua. Wakati daktari anabonyeza kifua, wakati duara linafungwa, wakati nahodha ananiambia inatosha, yeye yupo palepale na kitambaa chake. Anapoinama daktari, naye anakisogeza. Yuko hivyo mpaka machela, na kwa saa ya picha ni dakika sita.

Zile picha zote nilikuwa nimezitia alama ya kuharibika. Kivuli kimefunika uso, na rangi ya kitambaa imemwagikia kwenye ngozi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa yule mtu, na siku ileile nikazipitia tena kwenye kompyuta, na sikuona kitu isipokuwa mwanga mbaya.

Mjane akauliza, "Mikono haikuchoka?" Nikasema sijui.

Kisha akauliza kama mume wake alisema kitu. Hapo ndipo nilipotafuta ukuta. Kwako pia sikuandika. Katika zile sekunde tisa, kabla sijabadilisha lenzi, alifumbua macho akanitazama, akasema, "Ngoja kidogo." Sauti ya kawaida kabisa. Nilijua ananiambia mimi, nisimpige picha. Na sikungoja. Tangu Februari nimekuwa nalo hilo, limekaa tu, halinidai kitu. Nilimweleza hivyohivyo bila kupunguza.

Aliondoa kidole kwenye kitufe. Akasema, "Ndivyo anavyojibu kila siku nikimwita mezani." Akacheka kidogo, kwa pua, halafu akalia. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaiweka juu ya meza ambapo angeweza kuiona.

Alichukua picha moja tu, ile ya kitambaa. Ile ya gazeti ameomba isiende kwenye mashindano, nami nimeiondoa. Mhariri amesema nimechanganyikiwa, na huenda ni kweli. Mshika kibendera nimemtafutia anwani. Kumbe siku za kazi ni fundi bomba. Nilipompigia kumwambia mjane angependa kumwona, alidhani nina bomba linalovuja, akaniuliza ni la jikoni au la bafuni. Nilipomweleza, akasema hakumbuki kama alishika kitambaa. Anakumbuka tu kwamba jua lilikuwa kali.

Usiniulize kama nimejisikia nafuu. Niliporudi nyumbani nilipanga viatu. Ni jozi nne, haikuchukua muda.

Mdogo wako


Tarehe 11 Septemba

Mdogo wangu,

Natumai ulifika salama na yule abiria aliyebeba godoro kwenye basi lako alishuka mapema. Mama anasema umekonda, lakini anasema hivyo kwa kila mtu anayeondoka. Wapwa zako wananiuliza mbona mjomba haongei, nikawaambia anaongea kwa barua.

Dawa zimebaki mara mbili. Nimerudi kazini nusu siku. Madereva wote wamekuwa na adabu ya ajabu, wanapanda na matairi yote, nami nawakumbuka walivyokuwa. Mlinzi wa geti anasema alikuona kwenye televisheni Jumamosi, mstari wa pembeni, umekaa kwenye kigoda chako na kamera iko magotini huku mpira unachezwa. Alingoja aone utainyanyua lini, wakaonyesha upande mwingine. Sikuulizi.

Naandika mapema hivi kwa sababu kuna jambo limetokea baada ya kuondoka kwako, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ile siku ya tatu tangu ufike, uliponiuliza kama nitakuruhusu uone kovu. Mama akiwa amekaa palepale, akasema mwonyeshe, ni ndugu yako. Nikajifunga shuka, nikakuachia ubavu na kwapa. Ulitazama muda mrefu mpaka nikaanza kusikia baridi. Nilidhani utasema pole. Ukasema, "Chini limefunga vizuri. Huku juu bado pabichi." Nikakwambia ahsante, kama vile umenipimia kitambaa cha gauni. Ulipotoka ndipo nilipolia, na kilikuwa kilio kizuri. Ulipokuwa unatazama, shemeji yako alisimama mlangoni nyuma yako na msasa mkononi, akaondoka kabla hujageuka. Hukumwona. Alisikia yote.

Siku ile alirudi kupiga msasa, na siku uliyosafiri vilevile. Jumatatu asubuhi, wakati wa kupaka mafuta, aliingia kama kawaida, nikageuka kumpa ubavu ili yeye abaki na kalenda yake. Hakwenda upande wa kalenda. Alipiga magoti mbele yangu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akatazama. Niliona uso wake unavyokwenda huku na huku, kama mtu anayesoma barua aliyoichelewesha.

Kisha akasema, "Huku juu bado pabichi."

Maneno yako, neno kwa neno. Hana mengine, maskini. Nikamwambia ndiyo, bado pabichi, na nikamwachia chupa ya mafuta.

Dada yako